Ndoa Ifungwe Saa Ngapi?

Msimu wa harusi ukikaribia, swali ni lile lile: "Tarehe tunayo, ukumbi tumeshalipia, sasa ndoa tufunge saa ngapi?" Wanauliza maharusi, wanauliza wenyeviti wa kamati, na siku hizi wanauliza hata wazazi ambao wao wenyewe walifunga ndoa bila kutazama saa hata mara moja. Jibu langu la kwanza huwa haliwafurahishi. Kama ukumbi umeshalipiwa, saa ya ndoa mmekwisha kuichagua bila kujua. Kilichobaki ni kuitafuta ilipo.

Ninaandika hasa kwa wanaofunga ndoa Dar es Salaam, ambako ibada huwa mchana, sherehe huwa usiku, na katikati kuna foleni. Wa Zanzibar, Mwanza na Kigoma nao nimewawekea yao humu humu.

## Hesabuni kurudi nyuma

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kupanga siku kuanzia asubuhi: tuamke saa fulani, saluni saa fulani, kanisani saa fulani, na usiku utajijua. Usiku haujijui. Usiku ndio wenye kikomo. Kwa hiyo chukueni karatasi, andikeni chini kabisa saa ambayo ukumbi unafungwa, kisha mpande juu.

Mikataba mingi ya kumbi za Dar huweka saa 6 usiku. Kabla ya kuhesabu chochote, mwulizeni mwenye ukumbi mambo matatu, na majibu yaandikwe:

- Hiyo saa 6 ni muziki kuzimwa, au ni watu na mapambo kuwa nje?
- Wapambaji wanaruhusiwa kuingia saa ngapi? Kama kuna shughuli nyingine mchana, wenu wataanza saa 10 alasiri, na hakuna mgeni atakayepata kiti chenye kitambaa kabla ya saa 1 usiku.
- Muda wa ziada ni shilingi ngapi kwa saa, na usiku ule analipwa nani?

Sherehe kama tunavyoifanya sisi, yaani kuingia kwa kamati na wazazi, maharusi kuingia, utambulisho, keki, shampeni, chakula, zawadi, nasaha na muziki, haitoshi ndani ya muda unaopungua saa tano. Atakayewaambia saa tatu zinatosha hajawahi kuona mstari wa zawadi wa upande wa mama. Basi tukipanda juu kutoka saa 6 usiku, tunapata hivi:

- Saa 6:00 usiku: ukumbi unafungwa.
- Saa 1:00 usiku: maharusi wanaingia ukumbini.
- Saa 12:15 jioni: picha zimekwisha. Safari ya ukumbini, maji ya kunywa, kurekebisha nywele.
- Saa 11:00 jioni: picha zinaanza.
- Saa 10:00 alasiri: ibada imekwisha. Picha za familia mlangoni pa kanisa, kisha msafara unaondoka.
- Saa 8:00 mchana: ibada inaanza, kama ina Misa. Ibada fupi isiyo na Misa inaweza kuanza saa 9:00.

Hilo ndilo jibu la walio wengi: Misa saa 8 mchana, ibada fupi saa 9 alasiri. Saa 10 waachieni wale ambao ndoa na sherehe viko kwenye uwanja mmoja, au waliokubali kwa moyo mweupe kwamba picha zao zitapigwa kwa taa.

Najua mtakachouliza: "Sasa wageni watafanya nini kuanzia saa 10 hadi saa 1?" Ukweli ni kwamba wageni wengi wa Dar hawaendi kanisani, wanakuja ukumbini moja kwa moja. Wanaokwenda kanisani ni ndugu, marafiki wa karibu, wanakwaya na majirani. Hao wapangieni chai na vitafunwa pale pale kanisani au nyumbani kwa wazazi, na mtu mmoja wa kamati awe nao. Msiwaache wakae ndani ya magari wakisubiri ukumbi ufunguliwe. Mtu mzima aliyekaa ndani ya gari saa mbili na nusu huingia ukumbini akiwa amekwisha kukasirika, na huyo ndiye atakayepewa kipaza sauti kutoa nasaha.

## Kanisani hamchagui peke yenu

Kabla ya kukata shauri lolote nendeni ofisi ya parokia au usharika. Parokia nyingi za Kikatoliki zina saa zake za ndoa za Jumamosi, na si ajabu kukuta jozi kadhaa zinafungishwa ndoa katika Misa moja. Jioni ya Jumamosi kuna Misa ya Jumapili inayotangulia, kwa hiyo padri hatawapa saa 10 hata mkilia. Matangazo ya ndoa nayo husomwa Jumapili tatu, kwa hiyo msiende wiki mbili kabla.

Ulizeni hivi:

- Tuko peke yetu au na wenzetu? Kama ni jozi nne, ongezeni muda wa viapo, wa sahihi na wa picha.
- Baada yetu kuna ibada nyingine saa ngapi? Hiyo ndiyo saa halisi ya kutoka.
- Wapambaji wataingia lini kuweka maua?
- Tukichelewa nusu saa, mnafanya nini? Wapo wanaoanza na waliopo. Wapo wanaowasogeza mwisho wa ratiba.

Wasabato wao wana hesabu nyingine kabisa. Sabato huanza jua linapozama Ijumaa na kwisha jua linapozama Jumamosi, kwa hiyo harusi nyingi huangukia Jumapili. Jumapili ina uzuri wake: barabara ni nyepesi, na kumbi nyingine hupunguza bei. Ubaya wake ni Jumatatu. Wageni wenu wana kazi kesho yake, na saa 4 usiku mtaona viti vinaanza kubaki vitupu. Harusi ya Jumapili anzeni kila kitu mapema kwa saa moja au mbili.

Na kama parokia imewapa saa 4 asubuhi? Msigombane nayo. Mna njia mbili. Ya kwanza ni kufanya harusi ya mchana kweli kweli: chakula saa 8, sherehe imekwisha saa 12 jioni. Nairobi harusi nyingi huenda hivyo, ibada asubuhi na chakula cha mchana chini ya mahema, na hakuna anayeona kasoro. (Mkiwa na wakwe kutoka Kenya, waelezeni mapema kwamba kwenu chakula ni saa 3 usiku. Vinginevyo watashinda na njaa kwa heshima.) Njia ya pili ni kugawa siku: ibada saa 4, chakula cha familia nyumbani, bibi harusi avue gauni, alale, apambwe upya saa 9, picha saa 11, ukumbini saa 1. Inagharimu kumlipa mpambaji mara mbili, lakini sura iliyopakwa saa 11 alfajiri haifiki saa 6 usiku katika joto la Dar. Yapo mafuta na poda za bei kubwa zinazoahidi hivyo. Januari na Februari huziumbua.

Wanaofunga ndoa ya serikali, kwa msajili au ofisi ya Mkuu wa Wilaya, wana mambo mawili tu ya kukumbuka. Taarifa ya kusudio la ndoa inatolewa siku 21 kabla, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Na saa za ofisi ni saa za ofisi: kazi huanza saa 1:30 asubuhi na kwisha saa 9:30 alasiri, siku za juma. Ombeni asubuhi. Mchana msajili anaweza kuitwa kikaoni, na mashahidi wenu wawili wana kazi zao. Wengi hufunga ndoa Alhamisi au Ijumaa asubuhi na kufanya sherehe Jumamosi, na huo ndio mpango wenye amani kuliko yote niliyoitaja.

## Nikaha baada ya Alasiri

Waislamu wa pwani wamerahisishiwa: sala ndiyo saa. Nikaha baada ya Alasiri haihitaji hata kuelezwa kwenye kadi, maana wageni wapo msikitini tayari. Dar es Salaam Alasiri huingia kati ya saa 9:15 na saa 9:55 hivi kufuatana na mwezi, na Magharibi huingia jua likizama. Katikati mna muda wa saa mbili na nusu au zaidi, na nikaha yenyewe, hotuba, mahari, walii na mashahidi, huchukua nusu saa au pungufu.

Ndiyo maana watu hujisahau. Nikaha fupi huwapa imani kwamba muda upo tele, kisha inakuja safari ya bwana harusi na watu wake kwenda nyumbani kwa bibi harusi, kuzuiwa mlangoni, kumpa mkono mkewe, picha, na ghafla adhana ya Magharibi inalia huku nusu ya wanaume wako barabarani. Yaepukeni kwa njia hii:

- Andikeni "baada ya sala ya Alasiri", na chini yake saa ya jamaa ya msikiti huo, siyo ya kalenda. Misikiti hutofautiana.
- Umbali kutoka msikitini hadi kwa bibi harusi ukizidi nusu saa, bora nikaha ifungiwe msikiti wa mtaani kwake.
- Shughuli ya wanawake ya usiku iwekewe saa baada ya Isha, siyo Magharibi. Anayeswali Magharibi, akavaa, akapanda gari, hafiki kabla ya saa 2 usiku kwa vyovyote.
- Siku ya Ijumaa, nikaha isiyo na haraka ni ya baada ya Alasiri. Kuibana nikaha baada ya sala ya Ijumaa, saa 8 mchana, ni kuwatesa watu kwa jua na njaa.

Nikaha baada ya Isha pia ni nzuri, hasa miezi ya joto. Wapiga picha watanung'unika. Wapeni taa.

## Jua halina kamati

Sisi tuko karibu na ikweta, na jua letu likishaamua kuzama halikawii. Kutoka kuzama hadi giza mna kama dakika 20 tu. Dar es Salaam mwishoni mwa Mei na mwezi Juni jua huzama kama saa 12:15 jioni. Mwanzoni mwa Februari huchelewa hadi karibu saa 12:47. Tofauti ni nusu saa, na nusu saa ndiyo albamu nzima. Harusi ya Juni ianzeni mapema kidogo.

Mwanza jua huzama kama dakika 25 baada ya Dar, na Kigoma karibu dakika 40, ingawa saa za ukutani ni zile zile. Kwa hiyo ratiba ya binamu aliyeolewa Dar msiinakili. Kigoma ibada ya saa 9 inaweza kuwa saa 9:30 bila kupoteza picha hata moja. Ila wakwe wakitoka Bujumbura au Bukavu, kumbukeni saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ibada yenu ya saa 9 kwao ni saa 8, na atakayeisahau hiyo tofauti atafika baada ya viapo.

Mwanga mzuri wa picha ni kuanzia saa 11 hadi jua linapogusa paa. Saa 6 hadi saa 8 mchana jua liko utosini na macho ya kila mtu yanakuwa na kivuli. Mpiga picha akiwaambia saa yoyote ni sawa, mwombeni awaonyeshe picha alizopiga saa 7 mchana.

## Ufukweni ulizeni maji kwanza

Hapa ndipo ninapoona fedha nyingi zikipotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wengi huja na ndoto ya viapo jua likizama baharini, kisha wanalipia ufukwe unaotazama mashariki. Paje na Jambiani zinatazama mashariki. Coco Beach ya Dar nayo, na fukwe za Kigamboni zinazotazama bahari kuu vilevile. Huko jua huzama nyuma ya mgongo wako, kwenye minazi au kwenye majengo. Mtakachopata ni mwanga laini wa saa 11, mzuri sana kwa nyuso, lakini jua jekundu juu ya maji hamtalipata. Mnaolitaka hilo nendeni Kendwa, Nungwi upande wa magharibi, au Mji Mkongwe.

Jambo la pili ni maji kujaa na kupwa. Hutokea mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Katika mwambao wetu, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku moja mbili baada yake, maji hujaa sana kwenye saa 10 hivi, alfajiri na alasiri, na hupwa sana kwenye saa 4. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo hugeuka: saa 10 alasiri maji yamepwa. Zanzibar tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3. Kwenye ufukwe mwembamba hiyo ina maana kwamba mahali mlipopanga viti saa 5 asubuhi, saa 10 alasiri pana maji ya magotini.

Fanyeni hivi:

1. Kabla ya kuchagua tarehe tazameni mwezi. Bamvua na ndoa ya mchanga mwembamba saa 10 alasiri haviendi pamoja. Sogezeni hadi saa 11:30, maji yakiwa yanarudi, au chagueni siku nyingine.
2. Maji mafu ni salama kwa viti, lakini Paje na Jambiani maji yakipwa bahari hurudi mbali, na picha zenu zitakuwa na mwani na mashamba yake nyuma. Wengine wanapenda hivyo. Jueni tu mapema.
3. Waulizeni wavuvi wa hapo hapo. Meneja wa hoteli anajua ratiba ya chakula. Mvuvi anajua maji yanafika mnazi upi.
4. Upepo. Kipaza sauti kisicho na kifuniko husikika kama mvua ya mabati.

Harusi ya bamvua ya mwezi mpevu upande wa mashariki ina zawadi yake: mwezi huchomoza baharini karibu na wakati jua linapozama nyuma yenu. Mkiweza kuzuia viti visielee, hakuna taa ya kukodi inayoshinda hapo.

## Foleni na saluni

Barabara kwanza, maana ni rahisi. Pimeni safari kwa kuisafiri, Jumamosi, saa ile ile, kwa gari. Ramani ya simu haijui kwamba mna msafara wa magari na matarumbeta nyuma ya kirikuu, na matarumbeta hayawezi kukimbia. Chukueni muda mlioupata, ongezeni nusu yake. Wanaotoka Kigamboni wasitegemee kivuko cha Magogoni wakiwa na gauni. Daraja la Nyerere linalipiwa, lakini halisubiri pantoni. Wanaofunga ndoa Azania Front au Mtakatifu Yosefu wakitokea Magomeni au Ubungo, wakati wa masika, Machi hadi Mei, wawe na njia ya pili, kwa sababu Jangwani ikijaa maji barabara ya Morogoro hufungwa na hakuna MC wa kuifungua.

Saluni ndiyo inayoangusha harusi nyingi za Dar, na hakuna anayeitaja kwenye vikao kwa kuogopa kuitwa mchokozi. Hesabu yake ni hii. Mpambaji mmoja humtengeneza bibi harusi kwa muda wa saa mbili hadi tatu, nywele na uso. Kila msindikizaji huchukua kama dakika 45. Wasindikizaji wanne ni saa tatu nyingine. Matroni yupo. Mama yupo. Dada mkubwa aliyesema hatapambwa, saa 6 mchana atabadili mawazo. Mpambaji mmoja kwa watu wanane ni siku nzima, hata mkianza saa 12 asubuhi.

- Bibi harusi asiwe wa mwisho. Awe wa tatu au wa nne, ili akichelewa mtu, achelewe msindikizaji.
- Wapambaji wawe wawili wasindikizaji wakizidi watatu.
- Mpambaji aje nyumbani au hotelini. Saluni ya mjini Jumamosi ina maharusi wengine, na wote wameahidiwa saa 2 asubuhi.
- Ibada ikiwa saa 8, gauni livaliwe saa 6:30 mchana. Vifungo vya mgongoni peke yake vina dakika 20.
- Bwana harusi naye ana kinyozi. Msimamizi wake ashike viatu, pete na cheti tangu usiku wa jana.

## Kadi iseme kweli

Nimefika kwenye jambo ambalo sikubaliani na kamati nyingi. Ule ujanja wa kuandika saa 12 jioni huku mkijua maharusi wataingia saa 2 usiku, ili wageni "wawahi", ndio uliotufikisha hapa. Wageni wameshajifunza. Wakiona saa 12 wanasoma saa 2, wanafika saa 2 na nusu. Kamati nayo imejifunza, mwakani inaandika saa 11. Hakuna mwisho. Anayeumia ni mzee aliyekuja kutoka Kibaha akafika saa 12 kamili kwa sababu alilelewa hivyo.

Andikeni saa ya kweli, na muisimamie. Mkiandika "Maharusi wataingia ukumbini saa 1:00 usiku", waingie saa 1:00 hata kama viti vimejaa nusu. Itakuwa na uchungu dakika kumi za kwanza. Kisha simu zitaanza kupigwa nje: "Jamani, wameshaingia!" Mshereheshaji mzuri anajua kuutumia muda huo kwa vitu vidogo, siyo kumwimbia kila anayeingia.

Kadi iwe na mistari hii:

- Siku, tarehe, na mahali pa ibada, na alama ya karibu inayojulikana na dereva wa bodaboda.
- Saa ya ibada pamoja na kipindi cha siku: "saa 9:00 alasiri". Msiandike "saa 9:00" peke yake. Kwa wageni waliokulia Muscat, London au Toronto ongezeni 15:00 pembeni, maana kuna anayesoma saa 9 akafikiri ni saa 3 asubuhi.
- Saa ya milango ya ukumbi kufunguliwa.
- Saa ya maharusi kuingia.
- Saa ya mwisho. Ndiyo, iandikeni. Wenye watoto na wanaotegemea usafiri wa umma watawashukuru.

Ndugu walio mbali watakaotazama kwa mtandao, ibada ya saa 9 alasiri ni saa 10 kwa wa Muscat na Dubai, na asubuhi ya saa 1 au saa 2 kwa wa Washington na Toronto kufuatana na msimu. Ni saa ya heshima kwa wote. Ibada ya saa 4 asubuhi itawakuta wa Amerika katikati ya usiku.

## Mabishano ya nyumbani

"Bibi anataka tukatazamiwe siku na saa." Pwani bado zipo familia zinazopeleka majina kwa mtu wa falaki. Kama kwenu jambo hilo lipo, nendeni mapema, kabla ya kulipia ukumbi, na mwombeni saa kadhaa, siyo moja. Ugomvi hutokea pale majibu yanapokuja baada ya kadi kuchapwa.

"Waswahili hawaendi na saa." Waswahili hao hao hufika uwanja wa ndege saa tatu kabla. Wanakwenda na saa wanayoiamini.

"Mechi je?" Ratiba ya ligi ikitoka itazameni kabla ya tarehe. Siku ya Simba na Yanga, mjomba atakuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa mwili au kwa roho, na barabara ya Mandela haitapitika. Hata hivyo msiijenge harusi juu ya ratiba hiyo. Mwaka 2025 mechi ya Machi 8 iliahirishwa siku ile ile. Ikibidi, wekeni luninga moja kwenye baraza la ukumbi na mwambieni mshereheshaji atangaze matokeo. Mtawapata watu wote wa upande wa bwana.

"Ndugu wa bara watafikaje saa 8 mchana?" Wanaosafiri kwa basi kutoka mikoani wafike Ijumaa. Hakuna saa ya ibada inayoweza kumwokoa mtu anayepanda basi alfajiri ya siku yenyewe.

## Mambo yakichelewa siku yenyewe

Yatachelewa kidogo. Mteueni mtu mmoja mwenye saa mkononi na mdomo usioogopa wakubwa, asiwe mzazi wala msimamizi, na wote wajue neno lake ni la mwisho. Shangazi wa makamo aliyewahi kuwa mwalimu anafaa kuliko kijana yeyote wa kamati. Kateni kwa mpangilio huu:

1. Safari ya picha ya pili. Chagueni mahali pamoja.
2. Mzunguko wa msafara mitaani.
3. Utambulisho. Badala ya kumtaja mjomba mmoja mmoja, ukoo usimame pamoja.
4. Zawadi. Kamati, ofisi na vikundi vipite kwa pamoja, siyo mtu mmoja mmoja, na kila kundi wimbo mmoja.
5. Nasaha. Mzee mmoja kila upande.

Chakula kisisogezwe. Kama ratiba ilisema saa 3 usiku, kipakuliwe saa 3 usiku hata kama keki bado haijakatwa, keki haipoi. Pilau iliyofunikwa tangu saa 11 jioni ikangoja hadi saa 5 usiku ni hatari kwa matumbo, na mpishi atawaeleza hivyo mkimsikiliza. Mwenye saa akishaona ibada imetoka saa 10:40 badala ya saa 10:00, ampigie mshereheshaji na mpishi hapo hapo, kabla msafara haujaondoka kanisani, na kuwaambia ni kipengele kipi kimekatwa.